Hema la Matanga Lililokwenda Kunengua Harusini

Darb al-Ahmar, Kairo
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwa Shemeji yangu Haji Shahata, kaka wa marehemu mume wangu Fundi Tolba, mwenye sehemu yake halali katika duka la hema, na mwenye maoni hata katika sehemu zisizo zake,

Asalaam alaykum.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BINTI YANGU WA KUMZAA, INSHIRAH, MSHONAJI WA MAVAZI YA WANENGUAJI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepungua uvimbe. Sisi hatujambo, ila ngazi zetu bado zinakulalamikia tangu juzi ulipozipanda. Siku ile uliniambia kwamba ukipata malalamiko yaliyoandikwa kwa mkono wangu na kutiwa saini yangu, utaweza kumtoa Inshirah katika duka la baba yake kabla ya sikukuu, na kumpangisha yule rafiki yako anayeuza hema za kitambaa kilichochapwa maua kwa mashine. Ulisema, "Wewe andika tu, mke wa kaka. Mwenye kuumia ni wewe, mimi ni mjumbe." Basi mwenye kuumia amevaa miwani yake na ameketi. Naomba usiruke mstari hata mmoja, kwani najua ukishika karatasi huwa unakimbilia mwisho kutafuta saini.

1. Kitambaa chenyewe. Unakikumbuka. Ni ule ukuta wa hema ambao Tolba aliushona mwenyewe, kiraka kwa kiraka, na yungiyungi jekundu katikati. Kwa maisha yake yote aliukodisha kwa wenye harusi na kwa wenye misiba, maana katika mtaa huu kitambaa huenda harusini Alhamisi na msibani Ijumaa, wala hakuna anayekiuliza kimetoka wapi. Msiba wake wa mwisho ukawa wa fundi mwenyewe. Baada ya hapo nilikikunja nikakiweka rafuni nyuma ya duka, kipumzike kama alivyopumzika mwenyewe.

Inshirah akakishusha. Akabandua turubai la nyuma, akapima, akasema Bismillahi, na mkasi ukalia. Marehemu alizoea kusema kwamba kazi ya hema ni kutulia upepo unapovuma. Binti yake amelifundisha hema kutetemeka pasipo na upepo wowote. Huo ndio usomi wa siku hizi.

2. Mahali alipoliweka ua. Yungiyungi lile jekundu lilikuwa likining'inia nyuma ya kichwa cha msomaji wa Kurani katika kila matanga ya mtaa huu. Inshirah ameliweka kwenye nyonga ya kulia ya Lawahiz, mnenguaji. Sina haja ya kukueleza Lawahiz ni nani. Unajidai humjui, na mkeo anajua kwamba unajidai. Kwenye nyonga ya kushoto ameweka yungiyungi la buluu, ambalo ni dogo kwa upana wa kidole. Nilimwambia hayalingani. Akanijibu, "Mama, hata nyonga za Lawahiz hazilingani. Nimekata kufuata mwili." Nikapima kwa macho wakati msichana anajaribu vazi, na kwa bahati mbaya ni kweli.

Lile turubai alilolibandua hakulitupa. Amelishona ndani ya mkanda wa kiuno na ndani ya sidiria, ili vazi lisivutike wala kuporomoka hata unenguaji ukifika mwisho wake. Ni akili, lakini mimi hapa nalalamika, sikuja kusifu. Ninachosema ni kwamba turubai lililozuia mvua isiwanyeshee wafiwa sasa linazuia mambo mengine kabisa.

3. Wavu wa tumboni. Sheria ya nchi yetu inataka tumbo la mnenguaji lifunikwe, na washonaji wengine hutimiza sheria kwa wavu wa rangi ya ngozi unaomfanya msichana aonekane kama ametoka kufungwa bandeji hospitalini. Inshirah hakuutaka. Ametumia shela yangu ya harusi. Ndiyo, shela ile ya wavu mweusi kutoka Asyut, ambayo shangazi yangu aliipachika vipande vya fedha kimoja kimoja, akachora ngamia, mitende, na bibi harusi mdogo mwenye mikono juu. Bibi harusi huyo sasa amekaa juu ya kitovu cha Lawahiz, na kila Lawahiz anapovuta pumzi ngamia wangu anapiga magoti.

Jambo moja liliniuma hapa na nitalisema. Miaka yote ya ndoa yetu shela yangu ilikaa kabatini juu, na hema lake likakaa dukani chini. Havikugusana hata siku moja. Sasa vimeshonwa pamoja kwa uzi mmoja, ubavu kwa ubavu, na anayevivaa ni mtu mwingine. Nilivitazama mezani kabla havijavaliwa, nikaondoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

4. Matanga ya pili. Hapa ndipo penye kidonda, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Ilikuwa harusi ya mjukuu wa muuza maharage, uchochoroni kwetu. Wewe hukuja kwa sababu ya goti. Hema lililotundikwa lilikuwa la kuchapwa, la rafiki yako, na watu walioegemea ukuta wake walirudi makwao na maua migongoni, maana rangi ile ikishika jasho inahama. Lakini hayo ni ya rafiki yako, tumwachie. Mimi nilikuwa safu ya wanawake na njiwa wangu wa kujazwa wali mkononi. Lawahiz akaingia, ngoma zikashika, na yungiyungi la Tolba likaanza kuzunguka chini ya taa.

Mbele kabisa alikuwa ameketi Haji Zenhom. Mzee huyu macho yake yamebaki ya kuona rangi tu, na miguu yake imebaki ya kwenda misibani. Hajakosa matanga hata moja mtaani. Akaliona ua jekundu. Anachojua yeye ni kwamba ukiliona ua lile umefika msibani, na ukifika msibani lipo la kufanya. Akainuka na mkongojo wake, akajikokota mpaka katikati ya ngoma, akamnyoshea Lawahiz mkono na kumwambia, "Pole, mwanangu. Umri uliobaki uwe wako." Kisha akauliza mbona hapewi kahawa chungu ya msibani.

Watu wakacheka, ni kweli. Lakini unaujua mtaa wetu, Shemeji. Mkono wa rambirambi ukishanyoshwa, wa nyuma hawezi kubaki kitini. Akainuka kinyozi, na kinyozi hana la kusingizia macho. Akasema kwa sauti, "Pole za Tolba tulizitoa mara moja, naye alikuwa mtu wa mara mbili!" Akainuka muuza mkaa. Wakapanga mstari. Mpiga ngoma, kijana asiye na adabu ila anayeijua kazi yake, hakuacha kupiga, alipunguza tu. Na Lawahiz akawa anawajibu mmoja mmoja kama inavyotakiwa, "Mungu awalipe kwa hatua zenu," huku akiendelea kutikisa, kwa kuwa kutikisa ndiko alikoitiwa.

Halafu akanichongea. Hakutumia kidole, alitumia nyonga. Akaitupa upande wangu, yungiyungi likanielekea, akasema, "Mwenye msiba ni yule mama pale. Mimi nimevaa tu." Mstari mzima ukageuka. Nikapokea rambirambi za wanaume wa mtaa wote nikiwa na njiwa mdomoni na mafuta mpaka viwikoni. Tena kila mmoja alikuja na habari yake. Kinyozi alisema Tolba ndiye aliyemkalisha chini siku alipotaka kumwacha mkewe, akamtukana mpaka akarudi nyumbani. Muuza mkaa alisema alikuwa akimsikia akiimba peke yake akishona, sauti mbaya kama bawaba. Haji Zenhom alisema tu, "Alikuwa anasogeza kiti changu karibu na msomaji, kwa kuwa alijua sisikii vizuri." Nililia mbele ya bibi harusi, jambo ambalo ni mkosi. Bibi harusi naye akalia, wanja ukamfika kidevuni. Nani atalipa aibu hii?

5. Jina la marehemu. Tangu usiku ule jina la kaka yako halitulii. Kijana wa mgahawani akiniona anapaza sauti, "Mama Inshirah, leo Tolba ananengua wapi?" Nikamwambia mjinga wewe, mtu yule hakuwahi hata kupiga makofi harusini. Akanijibu, "Basi ameanza, na ana kipaji." Watu ambao jana walikuwa wakipita mbele ya duka bila kugeuza shingo, leo wanabisha hodi kuuliza kama Lawahiz anaweza kuja kwao na vazi la Fundi Tolba. Wanataja fundi kwanza, harusi baadaye. Ni ukosefu wa heshima ambao sijui niuweke wapi.

Kwa hayo yote, Shemeji, naomba kwa unyenyekevu hatua zifuatazo zichukuliwe.

Kwanza, kitambaa chochote kilichohudhuria msiba kikalishwe eda, miezi minne na siku kumi, kama nilivyokaa mimi, kabla hakijaruhusiwa kukata kiuno. Ikiwezekana kivishwe nyeusi.

Pili, kwa kuwa Lawahiz amepokea rambirambi za familia, aingizwe katika familia rasmi, apewe sehemu ya lawama, na awe ananipandishia mtungi wa gesi. Nyonga anazo.

Tatu, wanaume wote waliolia kwenye matanga ya kwanza na kupiga makofi kwenye matanga ya pili wachague kimoja. Haji Zenhom asamehewe, maana yeye alifanya kitu kimoja mara zote mbili.

Nne, Inshirah aondolewe dukani, na mkasi wake utupwe Nile mahali penye kina. Ikibidi aozwe kwa rafiki yako wa vitambaa vya kuchapwa, aishi akizungukwa na maua yasiyo na sindano mpaka mikono yake isahau. Nimeandika sentensi hii na nimeisoma tena. Ni adhabu kubwa, lakini wewe ndiye uliyeniambia nisimwonee haya.

Naamini utayatazama malalamiko haya kwa jicho lile lile unalolitazamia duka. Msalimie mkeo Fikriya na umwambie maembe yake ya siki yamefika, ni makali kama yeye, tumeyapenda. Wasalimie wakwe zako, majirani zako, na paka wenu mwenye jicho moja. Lichue goti lako kwa mafuta ya moto usiku na usilikunje kwenye sala, Mungu anaona nia.

Ni mimi, mke wa kaka yako, niliyeumia,

Ratiba, mama yake Inshirah

TANBIHI: Unaona hapo juu kuna jina, lakini saini hakuna. Usiigeuze karatasi, hata nyuma haipo. Nilikuwa nimekwisha kushika kalamu kuitia, nikakumbuka jambo.

Siku ya matanga ya Tolba mimi nilikuwa juu na wanawake, mlango umefungwa. Wewe ulisimama chini mbele ya hema ukapokea mikono ya wanaume wote kwa niaba yetu, kama desturi ilivyo, na kwa desturi sikulaumu. Lakini ulipopanda, ulisema, "Watu walikuwa wengi, sifa kwa Mungu," ukaomba maji. Hukuniambia jina la hata mmoja, wala neno alilolisema. Nimekaa mpaka usiku ule wa harusi sijui kama kuna aliyemkumbuka. Mikono yote ilibaki kwako, Shemeji, na Lawahiz ndiye aliyeniletea, anatikisa na hakudondosha hata mmoja.

Na hema lile mimi sikuwahi kuliona kutoka ndani, chini ya taa. Nililiona usiku ule, kwenye nyonga ya msichana. Ni zuri. Alishona vizuri mno mume wangu.

Shela haikuibwa, nilimpa mwenyewe. Inshirah alikataa mara mbili, akalia, nikamwambia kata, la sivyo nitakata mimi na nitakata vibaya. Barua hii naiandikia mezani kwake dukani, ndiyo maana ina alama za chaki. Ufunguo wa duka uko shingoni mwangu na hauna mpango wa kushuka. Tunashona mkanda wa pili, yeye anakata, mimi naficha uzi chini ya kiraka kama baba yake alivyokuwa akinifanyisha.

Ukiitaka saini, njoo uichukue mwenyewe. Huku hakuna ngazi, goti halitateseka. Njoo tunywe kahawa. Tangu afe nimekuwa nikiinywa chungu, leo nimeitia sukari.