Kitoto Ndani ya Mkate

Jumatatu, 6 Januari

Sikukuu ya Mamajusi. Asubuhi somo la takwimu, mchana mpira, jioni mkate. Mkate wa Mamajusi hapa Puebla, Mexico, ni wa duara, na mwokaji huficha ndani yake kitoto cha plastiki chenye ukubwa wa punje ya haragwe. Kila mtu hujikatia kipande. Atakayekuta kitoto atawalisha watu wote tamale, vile vifurushi vya unga wa mahindi, tarehe mbili Februari. Watu kumi na wanne. Mimi nina mtihani wa kurudia, ngoma kila Jumanne na zamu ya maktaba.

Nikakata. Mguu mweupe ukachungulia kwenye kipande changu.

Nikakitia kitoto kinywani, nikakibana shavuni. Doña Cuca, mwenye nyumba wetu, akauliza nani amekipata. Nikatikisa kichwa. Akauliza mbona nimevimba. Nikaonyesha jino. Masikini, akaniletea karafuu na kusimama hapo hapo mpaka nikaitafuna. Karafuu na plastiki. Sisahau.

Florian hakuwepo, alikuwa maktaba, kipande chake kimefunikwa sahani. Nimekipenyeza humo. Florian ni Mwaustria, tunalala chumba kimoja, na kila siku saa kumi na moja alfajiri anaruka kamba kando ya kichwa changu. Simhurumii.

Jumanne, 7 Januari

Florian amekikuta. Nyumba nzima imeshangilia, na mimi nimepiga makofi kuliko wote. Nilitegemea anywee. Kumbe kafurahi kama kaletewa mtoto wa kweli. Kaomba daftari, kaandika jinsi ya kupika tamale, kapigia mistari kwa rula.

Doña Cuca akamweleza kuwa yeye ndiye atakayemvisha nguo mpya Mtoto Yesu, sanamu ya nyumba hii, na kumpeleka kanisani kubarikiwa. Kisha akamwita compadre. Compadre, yaani ndugu wa nyumba kabisa. Mtu mwenyewe hata ishara ya msalaba anaanzia tumboni.

Ijumaa, 10 Januari

Habari nzito. Xóchitl, nesi wa chumba cha juu ya paa, anaolewa na kuhama. Chumba kile kina bafu lake, ufunguo wake, na dirisha linalotazama volkano. Nimekitamani miaka miwili. Huko juu hakuna anayeruka kamba.

Doña Cuca kasema atatangaza siku ya tamale nani atahamia. Akamtazama Florian, akatabasamu. Nikaelewa. Ndugu hupewa kizuri. Chumba changu nimemkabidhi mtu kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikampigia makofi. Mama yangu kule Songea angesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sitamwambia.

Jumamosi, 18 Januari

Mpango. Kama kitoto ndicho kinachomfanya mtu kuwa ndugu, basi na mimi nitakuwa na changu. Nimekwenda sokoni. Kimoja hawauzi, wanauza pakiti ya kumi na viwili, tena vyote vya waridi. Nikachukua.

Nikamwendea Doña Cuca na uso wa toba. Nikasema siku ile na mimi nilikuta kitoto, nikaona haya kusema. Nikampa kimoja, akakigeuzageuza. Akasema Don Melitón amemwokea mkate miaka thelathini, na hutia kitoto kimoja tu, cheupe. Nikasema labda mwaka huu kapata mapacha. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akasema, haya mwanangu, kama tamale zimekukaa moyoni kiasi hicho, utamsaidia Florian kukanda unga.

Sasa nina mtihani, mpira, ngoma, maktaba na unga.

Alhamisi, 30 Januari

Mtihani nimefaulu kwa alama moja. Hiyo si habari. Habari ni kwamba Florian alinijia kuomba ushauri amvishe nini Mtoto Yesu. Nikamwambia, kwa uso mkavu, amvishe jezi ya mpira. Moyoni nilishamwona Doña Cuca akimfukuza na ufagio.

Kaishona mwenyewe, ndogo, na namba mgongoni. Doña Cuca kalia kwa furaha. Marehemu mumewe alikuwa golikipa. Sikuambiwa.

Jumapili, 2 Februari

Asubuhi kanisani. Padri kamnyunyizia maji Mtoto mwenye jezi, na Florian kapigwa picha na vikongwe saba.

Saa nane mchana sufuria ikapanda jikoni. Unga umekandwa, umefungwa kwenye maganda ya mahindi, uive kwa mvuke saa moja na nusu. Saa kumi tukafungua: mbichi. Saa kumi na moja: mbichi. Wageni wanajilambia chumvi. Doña Cuca akafunika sufuria na kuuliza nani ana kinyongo humu jikoni, maana tamale haziivi penye mtu mwenye kinyongo. Xóchitl akasema yeye asitazamwe, anaolewa. Florian akasema yeye ana raha tupu. Wakanigeukia mimi.

Dawa yake inajulikana. Wakafunga maganda ya mahindi kwenye masikio ya sufuria, na mimi nikaambiwa niizunguke nikicheza na kutoa la moyoni. Ngoma zote za Jumanne zikaishia hapo. Mzunguko wa kwanza nikasema nachukia kamba ya Florian. Mbichi. Wa pili nikasema nakitaka chumba cha juu. Mbichi.

Wa tatu akili ikanijia. Kitoto kilikuwa changu. Nikikiri, ndugu ni mimi, na chumba ni changu! Nikamwaga yote: shavu, karafuu, kipande chini ya sahani. Nikatia na machozi kidogo, ya kunogesha.

Doña Cuca akafunua. Zimeiva, laini, zinameremeta. Akanivuta kifuani na kuniita compadre. Florian akanipa Mtoto mikononi taratibu, akasema alikuwa ameshamwandikia mama yake kwamba amepata ndugu Mexico. Niliona aibu. Dakika mbili hivi.

Watu walipokwisha kula, Doña Cuca akatangaza. Chumba cha juu, kizuri, anapewa Florian, kwa kuwa sasa ni mgeni tu, na mgeni hupewa kizuri. Alipomdhania ndugu alikuwa amemtayarishia kile kidogo kando ya jiko, awe anamwamsha saa kumi na moja awashe moto. Bahati njema ndugu halisi kajitokeza. Mgeni huombwa, akasema, ndugu hutumwa. Wote wakanipigia makofi. Florian kapiga kuliko wote.

Jumatatu, 3 Februari

Saa kumi na moja alfajiri Doña Cuca kabisha kwa mwiko mlango wa chumba changu kipya, kile kidogo kando ya jiko. Nimewasha moto, nimechota maji, nimepukuchua mahindi, nimechelewa somo la takwimu. Juu ya paa nasikia kamba ikiruka.

Nimetafakari sana, na nimeona kosa langu. Kitoto kilikuwa kizuri, kipande ndicho kilikuwa kibaya.

Jumamosi ni siku ya kuzaliwa ya Florian. Mkate wake umeagizwa kwa Don Melitón, na nitakayekwenda kuuchukua ni mimi, maana ndugu hutumwa. Nimebakiwa na vitoto kumi na kimoja vya waridi. Vitatu vinamtosha. Akishakuwa ndugu tena, atashuka, na chumba kitabaki kikimsubiri mgeni.

Kuanzia kesho nabisha hodi kabla ya kuingia jikoni, kama mgeni.