Kamati ya Mabega na Nyuso

Kuanzia Jumamosi hiyo, kwa mamlaka ya Ligi Ndogo ya Besiboli ya Durban, bega la mchezaji lilipigwa marufuku kushuka. Uso nao ulitakiwa kuonyesha matumaini ya wastani: si kicheko cha kihuni, si kununa, bali hali ya mtu anayesubiri habari njema kutoka kwa mwajiri. Waraka uligongwa muhuri, ukabandikwa kwenye lango la uwanja kule Umbilo, na Daktari Omwenga akasimama mbele yake akiusoma kama vile haukuandikwa na yeye.

Omwenga, Mkenya, mhadhiri wa uongozi, hakuwahi kushika gongo la besiboli maishani. Ndiyo maana aliaminika. Mtu anayeujua mchezo huangalia mpira, akapitwa na mambo ya msingi. Yeye aliangalia mwili. Aliunda Kamati ya Mwenendo, akajipa uenyekiti, na unaibu akampa Bi Kulthumu, mwenye duka la vitambaa, ambaye alikubali kwa sababu viti vya kamati vilikuwa kivulini.

Kazi ilianza mara moja. Mrushaji mmoja alikunja uso baada ya mpira kumpiga gotini. Akapewa onyo, maana maumivu ni mtazamo tu. Ezéchiel, dereva wa lori la makontena bandarini na mkimbiaji hodari kuliko wote katika timu ya mtaa wa Point, alikatwa alama kwa kuinamisha macho mbele ya kamati. Alieleza kwamba kwao Bukavu mkubwa hakodolewi macho. Kamati ilimsikiliza kwa makini, ikamkata alama nyingine kwa kujieleza.

Kisha ikafika zamu ya kocha wao. Gustave, Mkongo aliyekuwa akinyoa watu saluni siku za kazi, alisimama kila mechi kando ya kituo cha tatu, pale mkimbiaji anapopumua kabla ya kwenda nyumbani kuchukua pointi. Hapo alijishika kofia, akajishika pua, akajishika mkanda, huku wachezaji wakimtazama bila kupepesa. Omwenga aliona aibu kwa niaba yake. Akatoa agizo: marufuku kujishikashika mbele ya akina mama. Kocha akae kwenye benchi, viganja juu ya mapaja.

"Président, ile si tabia mbaya," Gustave alimwambia. "Ile ni amri. Nikigusa pua, mutu wa kituo cha tatu anakimbia. Nikikamata mukanda, mwenye gongo anagusa mpira polepole. Bachezaji banaangaliaka pale tu."

Omwenga alimjibu kwamba uongozi wa kisasa hauendeshwi kwa pua.

Si kwamba alikuwa na roho mbaya, la. Alikuwa na roho ya kupanda. Makao makuu kule Johannesburg yalikuwa yakitafuta Mkurugenzi wa Mwili wa nchi nzima, na mjumbe wao, Madam Valerie, alikuwa anakuja kuiona kazi yake. Omwenga alikitaka cheo hicho hadi usingizi ukamhama. Alikuwa keshamwambia mkewe, keshawaambia watu wa kanisani, na keshashona suti.

Siku ilipofika, kamati ilitandika zulia na kuweka sofa mahali penye mandhari bora: kando ya kituo cha tatu. Omwenga akaketi hapo na mgeni, suti ya vipande vitatu, tai shingoni, katika joto la Februari lisilomwonea haya mtu yeyote. Vijana wa Point walipendeza ajabu. Walikosa mipira huku mabega yameinuka. Walikuwa nyuma kwa pointi mbili, kwa heshima zote. Madam Valerie aliridhika.

Mechi ikielekea ukingoni, suruali ilimbana Omwenga, akashika mkanda aulegeze. Mpigaji wa Point, ambaye macho yake yalishazoea kutazama pale, akaugusa mpira polepole. Mwenzake aliyekuwa kituo cha tatu akafika nyumbani. Pointi. Omwenga alimnong'oneza mgeni kuwa hayo ndiyo matunda ya waraka. Mkanda ulikuwa bado unabana, akaushika tena. Mpigaji mwingine akagusa polepole. Sare.

Ndipo akayakumbuka maneno ya Gustave. Akatazama benchi la Point. Nyuso zote zilikuwa zimemgeukia yeye.

Akaganda, mikono kaikalia. Sasa Ezéchiel alikuwa amesimama kituo cha tatu, karibu kabisa na sofa, akimkodolea macho kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Jasho lilimtoka Omwenga kwenye paji, likateremka, likaning'inia kwenye ncha ya pua. Likawasha, jamani, likawasha. Akavumilia kwa kuwaza ofisi ya Johannesburg. Madam Valerie akamwinamia, akamwuliza kama anajisikia vizuri.

Akafuta pua.

Ezéchiel alichomoka, vumbi likabaki nyuma. Akajitupa nyumbani kwa kifua, mpira ukafika umechelewa kumzuia. Point wakashinda, na wapinzani wakaja moja kwa moja kwenye sofa kulalamika kwamba amri zilitoka kwenye meza kuu.

Madam Valerie alimwita Gustave, naye akaeleza ishara zake zote bila kuficha. Kisha mgeni akamgeukia mwenyeji wake.

"Daktari, pua uliishika kwa kukusudia, au mwili ulikushinda?"

Akisema alikusudia, amevunja agizo lake mwenyewe. Akisema ulimshinda, nani atamkabidhi miili ya taifa mtu asiyeiweza pua moja? Aibu ilimjaa, lakini kiburi ndicho kilichofungua mdomo.

"Nilikusudia," alisema. "Kila kitu."

Madam Valerie alisikitika, kisha akafurahi. Cheo kimekwenda, alisema, na uenyekiti pia. Ila mtu anayeshinda mechi akiwa sofani ana kipaji kisichofaa kupotea. Akalifuta agizo la kujishika, akamteua Omwenga papo hapo kuwa kocha wa Point, Gustave awe msaidizi wake. Gustave hakupinga; aliomba tu président apewe maji.

Jumamosi iliyofuata Omwenga alisimama juani, timu yake ikichapwa vibaya, naye hajui aguse nini. Kivulini, kwenye kiti cha mwenyekiti, Bi Kulthumu alimpungia kalamu asogee.

"Kocha, uso wako unaisumbua kamati. Ulegeze kidogo, baba."

Kanuni zilimtaka mkosaji ashukuru. Akazimeza hasira zake.

"Asante, Mwenyekiti," alisema, na kwa jinsi alivyolisema akakatwa alama mbili.