Dishi na Talaka

Kasulu nzima, mwanamke mwenye dishi na talaka kwa pamoja nilikuwa mimi peke yangu! Wenye dishi walikuwepo, walioachika ndiyo usiseme, lakini kuviweka vyote viwili ndani ya nyumba moja, thubutu! Ni Mwanahawa tu, muuza vitenge, mama wa Firdausi na Omary.

Mwaka ule wa 2013 watu walikuwa wanahangaika na ving'amuzi. Mimi dishi langu lilikaa juu ya bati, kubwa kama karai la harusi. Na kila Alhamisi saa moja jioni kilikuwepo kipindi changu, kichekesho cha zamani cha Kizungu. Mama kaachika, analea vijana wawili, vijana wanamjibu, naye anawajibu, na kuna watu wasioonekana wanacheka kila akifungua mdomo.

"Hao wanaocheka wako wapi?" aliniuliza jirani yangu, Bibi Esteri.

"Majirani zake hao," nikamjibu bila kusita. "Wako dirishani."

Na niliamini! Kwani kwangu ilikuwa tofauti? Kila Alhamisi sebule ilijaa, waliokosa nafasi wakachungulia dirishani.

Sasa, kipindi ni cha Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia kwenye kumsalimia mwalimu asubuhi. Niaibike mbele ya watu? Mimi? Nikawa natafsiri! Yule mama akisema neno moja, mimi namwongezea kumi.

"Anasema: mwanaume gani wewe, unajua bei ya gunia la maharage lakini hujui mwanao anavaa kiatu namba ngapi!"

"Eee! Kampata!" anapiga kofi Longinus, fundi baiskeli.

"Anasema: uliniacha na watoto na sufuria lililotoboka, leo unaniuliza habari za malezi?"

Wanawake wanafuta machozi. Firdausi wangu wa kidato cha tatu anainamia magoti, mabega yanamtikisika. Nikadhani naye kaguswa.

Kichwa kikavimba. Nikaanza kutamba sokoni: "Yule mama ni mimi mtupu! Maisha yangu yakiwekwa kwenye tivii, watu wataacha kulima!" Maneno yakapanda gari, yakashukia Kibondo kwa Saady, baba watoto wangu, mnunuzi wa maharage. Akapiga simu.

"Mwanahawa, nasikia kwako hakuna malezi, ni tivii tu. Alhamisi nakuja kuwachukua watoto wangu."

Simu ikakatika, nikabaki naipigia kelele. Chukua dishi, chukua duka, chukua na kitanda. Lakini siyo wanangu jamani!

Alhamisi nilifagia hadi ukuta. Watoto nikawaweka mezani na madaftari, tivii nikaifunika kitambaa. Ila majirani ningewazuiaje? Wakaingia mmoja mmoja na vigoda vyao, wakafunua kitambaa wenyewe, wakawasha. Mzungu akatokea, umeme ukakatika! Nikawasha chemli. Hakuna aliyeinuka.

"Tusubiri, utarudi," akasema Bibi Esteri.

Badala ya umeme akaja Saady. Aliingia kwa kishindo, mdomo wazi, tayari kwa matusi. Akakuta umati! Na huku Uha, hata uwe na hasira kiasi gani, hupiti mbele ya watu bila salamu. Akainama, akapiga makofi taratibu.

"Mwiriwe."

"Mwiriwe!"

Bibi Esteri peke yake alimuuliza mvua za Kibondo, mbuzi, mama yake, na mguu wa mama yake. Kisha Longinus. Kisha wa dirishani, kila mmoja na makofi yake. Mpaka ananifikia mimi, hasira ilikuwa imepoa, ikabidi aitafute upya.

"Nimekuja... nimekuja kuchukua watoto."

Nikasimama, mkono kiunoni. "Mwanaume gani wewe, unajua bei ya gunia la maharage lakini hujui mwanao anavaa kiatu namba ngapi!"

Longinus akajikuna kichwa.

"Ngoja kwanza. Hilo si alisema yule Mzungu?"

Lakini mimi nilishawaka, breki sina. "Uliniacha na watoto na sufuria..."

"Lililotoboka!" wakamalizia dirishani.

"Sufuria lilelile!" Bibi Esteri akapiga kelele. "Kumbe Mzungu mwenyewe ni wewe, Mama Firdausi!"

Sebule ikalipuka kwa vicheko. Kila nikianza sentensi wanaimalizia wao, maana miezi yote hiyo nimewakaririsha! Saady akajikaza, akajikaza, mwisho akacheka hadi akakalia kigoda cha mtu.

"Haya, Omary," akasema akifuta macho. "Twende Kibondo?"

"Mshua, kwako kuna dishi?"

"Hakuna."

"Basi mi niache."

Iliniuma! Mtoto niliyemzaa kwa uchungu, anabaki kwa ajili ya karai!

"Na wewe, Firdausi?"

"Mi nabaki na mama. Kiingereza hajui hata kidogo, baba, tunajikaza tu tusimcheke. Lakini hata siku tunayokosa mboga, anatuchekesha tunalala."

Nikajifunika kanga usoni. Saady naye akatazama miguu ya watoto.

"Namba ngapi?" akaniuliza polepole.

"Nini?"

"Viatu vyao."

Nikamtajia. Akasema ataleta, na kweli alileta.

Hapo umeme ukarudi. Mzungu akajitokeza na sofa lake, watu wake wakaanza kucheka.

"Mzimeni huyo!" akafoka Bibi Esteri. "Tunamsikiliza huyu wa kwetu!"

Kichwa kikavimba tena, nisiwafiche. Alhamisi iliyofuata nikavaa kitenge kipya, nikapaka wanja, nikawasha tivii, nikasimama katikati ya sebule kama mgombea. Walikuja wote na vigoda vyao. Bibi Esteri akachungulia chumbani, akachungulia uani.

"Baba Firdausi haji leo?"

"Haji, bibi. Ila mimi nipo."

Wakatazamana. Wakabeba vigoda vyao wakaondoka, na wale wa kwenye tivii wakabaki wananicheka peke yangu.