Winchi ya Kifungua Mimba

Jumatatu, 4 Machi

Naanza daftari hili kwa sababu nyumba nzima hakuna anayenisikiliza. Shule niliishia darasa la sita, lakini macho yangu hayakuishia darasa lolote. Ninayoyaona nitayaandika.

Habari yenyewe ni hii. Wapimaji wa ardhi wamefika mjini. Miezi minne watapima mchanga wote ulio nyuma ya mji, na wanataka dereva mmoja mwenye gari lake. Mmoja tu. Jumamosi watawajaribu wawili: waende hadi kilima cha pili cha mchanga na kurudi. Wa kwanza ni binti yangu, Kifungua Mimba. Huyo hakutambaa, alianza na gia ya pili. Ila tangu mwaka jana hajapata kazi ya kueleweka, na amesema asipopata hii anauza gari, anakwenda kukaa dukani kwa mjomba wake kupima misumari. Mwanangu, misumari!

Wa pili ni mwana wa wifi yangu, tunamwita Miwani. Kijana mtaratibu, sina neno naye. Neno ninalo na mama yake. Leo amepita hapa eti kuazima ungo. Ungo wenyewe hakuutazama. Alichokuja kusema ni kwamba gari la Miwani lina winchi, je, la kwetu lina ngapi? Nikamjibu kwamba hatuna desturi ya kuhesabu.

Alipoondoka nikamuuliza Kifungua Mimba winchi ni nini. Akaeleza kwamba ni ngoma ya waya inayofungwa mbele ya gari, inazungushwa na umeme wa betri. Gari likikwama unapeleka ndoano mahali imara, waya unajikunja, gari linajivuta. Nikamuuliza ya kwetu iko wapi. Akasema hana na haitaki, kwa kazi ya mchangani anatosheka na beleshi, vibao vinne vyenye meno vya kusukumia chini ya tairi, na pampu ndogo ya upepo.

Yaani wifi ana winchi, mimi nina beleshi. Chai nimeimwaga uani.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa muuza vifaa vya magari bila kumwambia mtu. Duka limejaa minyororo mpaka dari. Muuzaji akaniuliza gari lina uzito gani. Nikasema uzito wa heshima. Akauliza tena, polepole, kama anayesema na kiziwi. Akaeleza kwamba winchi huchaguliwa kwa uzito wa gari: chukua uzito, ongeza nusu yake, basi, usizidishe. Akaongeza kwamba ndivyo alivyomfungia Miwani.

Hapo ndipo aliponiudhi. Nikamwambia mimi sikuja kununua fulana za mapacha.

Akanionyesha moja ya kamba badala ya waya, akaisifu kwamba ni nyepesi na ikikatika haijeruhi mtu. Nikamwambia kamba ni ya mbuzi. Mwanangu hachungi.

Halafu nikaiona. Nyuma kabisa, chini ya gunia. Ilitolewa kwenye lori la kuvutia magari mabovu, lori lenyewe lilikwisha kufa. Winchi kubwa kama mtungi wa kuchotea maji ya harusi. Muuzaji akasema hiyo itakuwa mzigo, italemea pua ya gari. Nikamwambia pua nzito ni ya ukoo wetu, na hakuna aliyewahi kuanguka kifudifudi. Akakubali tubadilishane: yeye achukue beleshi, vibao na ile pampu, mimi nichukue winchi. Alikubali upesi. Upesi kidogo kuliko ninavyopenda muuzaji akubali.

Jumatano, 6 Machi

Kifungua Mimba alipokwenda kumsaidia mjomba wake, muuzaji alikuja na msaidizi wakaifunga. Ilibebwa na watu wawili na kikohozi. Gari likainama mbele, likawa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Mimi nikaona limesujudu, nikaona ni baraka.

Binti karudi saa kumi. Nilijipanga mlangoni na kanga mpya. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alizunguka gari mara mbili, akauliza beleshi liko wapi. Nikasema beleshi ni mambo ya zamani. Akakaa kwenye ngazi, mikono magotini. Kisha akaenda mbio dukani kuomba virudishwe. Vyote vilikwisha kuchukuliwa asubuhi na msafiri mmoja, na msafiri alikwisha kusafiri.

Baba watoto akaniuliza kwa upole kwa nini sikumuuliza mtoto kwanza. Nikamuuliza na yeye, je, mtoto aliniuliza kabla ya kuzaliwa? Akarudi kwenye gazeti lake. Mtu wa maneno machache, nami nashukuru, kwa sababu yote ni ya kuudhi.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi amekuja kuirudisha habari ya ungo. Akaiona winchi. Akaizunguka kama anayenunua ng'ombe. Kisha akasema inafanana na cherehani ya jini. Nikamwambia asante, wivu nao ni sifa ila umevaa kinyume. Alipotoka alisahau kuaga. Siku njema.

Kifungua Mimba amekuwa chini ya gari tangu asubuhi. Alitoa kichwa mara moja tu, kuniuliza: mchangani hakuna mti, hakuna jiwe, hakuna mlingoti, je, mama, ndoano nitaifunga kwenye nini? Nikamwambia Mungu hamtupi mja wake. Akasema anajua, lakini Mungu naye hana kishikio. Siku hizi watoto wana majibu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeishonea winchi kifuniko cha kitambaa cha buluu, chenye marinda. Aliyekitoa na kukianika kwenye kamba ya nguo bado hajajitaja.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa nimepaka mafuta ya mgongo. Niseme ukweli wote, maana wifi atausema nusu.

Tulifika ukingoni mwa mchanga asubuhi, akina mama wawili na sinia zetu za chai. Mpimaji mkuu, mwanamke mrefu wa kofia ya majani, aliwaita madereva hemani waone njia kwenye ramani. Magari yakabaki na sisi.

Nikatazama matairi ya mwanangu. Yamelegea! Yote manne, yametandika matumbo chini kama mbwa wa adhuhuri. Wifi naye akaona, akacheka, akasema mwanangu amekuja mtihanini na kandambili. Nikamwonyesha ya Miwani. Yamelegea vilevile. Kicheko kikamkauka. Kumbe alfajiri watoto wametoa upepo wenyewe, tena kwa kipimo, maana tairi laini halizami mchangani; hilo nimeelezwa baadaye. Wifi akasema labda matairi yana uchovu wa safari. Mimi nikasema uchovu au si uchovu, mzazi hamwachi mtoto aende mbele za watu na shati nje.

Ndani ya gari la Miwani kulikuwa na pampu ya mguu. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo ule, mimi na wifi tulifanya kazi moja. Mimi nikakanyaga, yeye akahesabu; yeye akakanyaga, mimi nikamkosoa. Alipojaza ya kwake mpaka yakang'aa, nikaongeza ya kwangu mpaka yakawa yakigongwa yanaitika. Watoto wakatoka hemani mbio, wakaingia garini bila kuyatazama. Walikwisha kuyapima wenyewe, wayatazame ya nini?

Miwani alitangulia. Alikwenda kama hatua hamsini, akazama. Akajaribu kugeuza, akazama zaidi, sasa akitutazama usoni. Kifungua Mimba akaja nyuma yake, na kwa pua ile gari likachimba kama nguruwe. Likatulia hatua thelathini kutoka kwa Miwani, uso kwa uso.

Binti akashuka, akalipiga tairi teke. Likalia kama kengele. Akanitazama. Nikatazama mawingu, ingawa hayakuwapo.

Akapanda mwinuko kwa miguu kutafuta mahali pa kufunga ndoano. Miwani alikuwa uvunguni anatoa mchanga kwa viganja. Basi nikaona, kumbe kitu kizito kipo: gari la wifi. Na wifi akaona gari letu. Nikavuta waya wangu nikaufunga kwake, yeye akavuta wa kwake akaufunga kwetu. Nikamwambia tuone winchi ya nani ina mama. Nikabonyeza kidude. Naye akabonyeza.

Waya ukakaza, mchanga ukaruka. Gari la Miwani likaja mita moja, mwenyewe akatoka uvunguni kama kaa. Niliruka kwa furaha. Ila la kwetu nalo lilikuwa linakwenda, si mbele, chini. Likasimama mchanga ulipofika kwenye milango. Wifi akasema amenizamisha. Nikasema nimemburuza. Tulikuwa bado tunalijadili hilo Kifungua Mimba aliposhuka mbio na kuzima zote mbili. Akatuomba kwa adabu tukakae mbali na tusishike kitu. Mpimaji mkuu akaandika jambo kwenye karatasi. Nilitaka kusoma, akageuza.

Sasa jamani, sikilizeni nilichozaa. Akatoa upepo matairi yote. Akafungua tairi la akiba. Beleshi hakuna, akachukua sinia langu la chai, Miwani akachukua mfuniko wa sufuria wa mama yake, wakachimba shimo mbele ya gari, refu mpaka kiunoni. Wakalizika tairi lile likiwa limesimama, waya umelizunguka, wakafukia na kushindilia kwa miguu. Wakasafisha mchanga mbele ya magurudumu. Akabonyeza polepole. Tairi lililozikwa halikutoka. Gari ndilo lililotoka, polepole, kama mtu anayeamka usingizini. Kisha akamtoa na Miwani, akaenda kilima cha pili, akarudi. Nilipiga vigelegele mpaka nikapaliwa.

Sinia limepinda. Sijalalamika.

Jumapili, 10 Machi

Kazi ni yetu. Mpimaji mkuu amekuja mwenyewe hapa nyumbani. Amesema anataka dereva anayejua kutoka, kuingia kila mtu anajua. Nikamwambia winchi ile niliichagua mimi. Akasema amekwisha kuelezwa habari za winchi, pia za matairi, na akatoa sharti moja: dereva aje na winchi ndogo ya kulingana na gari, na wazazi wa dereva wasionekane mchangani kwa miezi yote minne.

Wazazi, kasema, kwa wingi. Baba watoto hakuwapo hata Jumamosi na amefungiwa pamoja nami. Akasema anavumilia. Nimekasirika mpaka nimefagia uwanja mara mbili. Nimeupa mchanga wao wote binti mwenye akili, na asante yangu ni kuzuiwa mlangoni. Baadaye nikatafakari nikaona, mtu hukataza kile anachokiogopa. Wameniogopa. Ni heshima.

Nimekwenda kumwambia wifi. Alikwisha kusikia. Akanipa mkono wa pongezi na kuniambia Miwani ataendesha lori la maji la mjini. Nikampa pole. Nilimpa kwa moyo safi, na kwa sauti ya kuwatosha majirani.

Jumanne, 12 Machi

Kifungua Mimba ameandika orodha ya vifaa vya msimu mzima, akampa baba yake aipeleke dukani. Baba yake ana goti. Nimeipeleka mimi. Dukani si mchangani, hakuna aliyenikataza.

Njiani niliisoma. Winchi ndogo, vibao vinne, mabeleshi matatu, sawa, nimeviacha hivyo hivyo, mimi si mtu wa kuingilia. Lakini chini kabisa kaandika kamba nene ya kuvutia gari, inayonyumbuka. Inayonyumbuka! Mchovu alikuwa, maskini. Mtu gani hukokota gari kwa kitu kinachorefuka kama mpira wa soksi? Muuzaji akaanza kunieleza eti ile inavyorefuka ndivyo inavyolinyanyua gari taratibu bila kulishtua, kwamba kitu kigumu hung'oa bampa. Huyu ndiye aliyetaka kuniuzia kamba ya mbuzi. Nikamkata kauli. Nimefuta neno hilo kwa kalamu yangu na kuandika mnyororo, ule mnene wa pale dirishani, mita ishirini. Umekwisha kupakiwa kwenye gari, chini ya mabeleshi. Wanaondoka kesho alfajiri.

Muuzaji alisita. Akasema badiliko lazima lisainiwe na mwenye orodha. Nikasaini Kifungua Mimba. Jina hilo nilimpa mimi, kwa uchungu wa siku mbili, na sijawahi kuambiwa lina mwisho wa matumizi.