Vita vya Mpasua Mifupa na Sufuria ya Maharagwe

Wekeni vijiko chini, ninyi mliokwisha kula na ninyi mnaosubiri chakula kiive, mkazime na redio, kwa maana hapa zinasimuliwa habari za Mpasua Mifupa, bwana wa shoka na gogo, mwenye aproni iliyokolea damu ya mafahali, ambaye mbele yake hapajawahi kusimama paja wala kubaki ubavu mzima. Jinsi alivyoondoka siku moja kwenda kupigana na maharagwe, na jinsi maharagwe yalivyomshikisha adabu.

Shujaa huyu alikuwa na bucha pembeni mwa barabara, na kwa miaka kumi na minane hakula nyama tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka. Katika kila mmoja wa miaka hiyo alihakikisha mtaa mzima unajua. Mteja aliyethubutu kuja siku ya Ijumaa kutaka nusu kilo ya maini alipimiwa, akafungiwa, kisha akapewa na hotuba ya nyongeza: "Mimi ninayeshinda na nyama mikononi tangu asubuhi, jioni nakula maharagwe, na nashiba, na nalala nikimshukuru Mungu. Wewe unayeiona mara moja kwa wiki ndiyo imekushinda?" Mteja akaondoka akiwa ameficha maini kwapani kama mwizi.

Maharagwe hayo yalipikwa na mkewe. Mpango wa siku arobaini, nini kipikwe leo na nini kesho ili watoto wasichoke na mwenye nyumba asinune, ulikaa kichwani mwa mwanamke huyo na haukuandikwa popote. Mwezi wa tisa alifariki, na mpango ukaenda naye.

Basi ikawa, Kwaresima ilipoingia, Mpasua Mifupa alirudi nyumbani na majivu kwenye paji la uso, akavua aproni, akawaita binti zake wawili, mkubwa wa kidato cha tatu na mdogo wa darasa la kwanza, akawatangazia kama jemadari mbele ya majeshi kwamba jikoni sasa ni uwanja wake, na chakula kitakuwa tayari baada ya dakika arobaini. Dakika hizo aliziokota katika elimu yake ya kazi: steki huiva kwa ishirini, maharagwe ni madogo kuliko steki, na ishirini nyingine ni za tahadhari. Hakuyaloweka. Hakujua kwamba hulowekwa. Aliyamwaga makavu kwenye maji, akawasha moto mkali, akasimama juu yake na mwiko kama askari wa lindo.

Baada ya saa mbili na nusu alitoa moja, akaling'ata, na jino lake la nyuma likatikisika. Watoto walikunywa chai na mkate, wakaenda kulala.

Habari za kushindwa hazihitaji mjumbe. Asubuhi ya Alhamisi, kabla hata hajatundika nyama, aliwasili kwenye bucha dada yake mkubwa, ambaye watoto humwita Shangazi, na ambaye mtaa humpisha njia bila kumwita chochote. Hakuketi. Alimuuliza mdogo wake watoto wamekula nini jana, na mdogo wake, aliyewahi kumwangusha fahali mwenye kilo mia nne, akaanza kupangusa mizani iliyokuwa safi.

"Mdogo wangu, mimi sikusemi," akasema Shangazi, na hiyo ndiyo dalili kwamba anasema. "Umefiwa, tumefiwa sote. Lakini watoto si wa kushindia chai. Kesho jioni nakuja kula kwako. Nikikuta chakula cha kueleweka, na mpango wa wiki nzima unaoeleweka, narudi zangu. Nisipokuta, wanachukua nguo zao wanakuja kula na kulala kwangu mpaka Pasaka."

"Dada, mpaka Pasaka ni siku arobaini."

"Najua kuhesabu."

Alipokwisha kuondoka, Mpasua Mifupa akaiona meza ya nyumbani kwake kama mtu aonavyo uwanja baada ya vita: viti vinne, vitatu vitupu, na yeye amekaa cha nne, jioni arobaini, akisikiliza friji ikinguruma. Moyo ukampasuka, kisha, kwa kuwa alikuwa shujaa, akaupiga konde. Akachana karatasi ya kufungia nyama, akachukua kalamu aliyokuwa akiandikia bei, na katika utulivu wa Kwaresima, wakati nzi ni wengi kuliko wateja, akatunga mkakati. Jumatatu, maharagwe. Jumanne, maharagwe. Jumatano akatua, akafikiri sana, akaandika maharagwe na wali. Binti mkubwa alipopita mchana kuchukua ufunguo aliisoma karatasi yote hadi chini.

"Baba, hii siyo ratiba," akasema. "Hii ni adhabu."

Ndipo shujaa akafanya jambo ambalo wazee wa mtaa hadi leo husimulia kwa sauti ya chini. Alivuka barabara. Ng'ambo ya barabara, mkabala na bucha, palikuwa na kibanda cha muuza mboga, rafiki wa siri zote za marehemu, na kwa miaka kumi na minane Mpasua Mifupa alikuwa akimtania kutoka kizingitini kwake, mbele ya wateja, kwamba anauza malisho. Ilikuwa hatua kumi na mbili. Majeshi yamevuka majangwa kwa maneno machache kuliko aliyojiambia katika hatua hizo. Akafika, akasimama mbele ya mafungu ya mchicha na nyanya zilizopangwa piramidi, akakohoa.

"Karibu, shemeji," akasema muuza mboga bila kuinua macho kutoka kwenye karoti alizokuwa akizipanga. "Mbuzi wako hawajambo?"

"Ewe jirani uliyejaliwa elimu ya majani," akaanza shujaa, "nimekuja si kwa kiburi bali kwa..."

"Umekuja kwa sababu dada yako anachukua watoto. Alipitia hapa kwanza. Kaa kwenye hilo kreti unisikilize, na usijibu."

Akakaa kwenye kreti, magoti yakimfika kidevuni, na alifundishwa. Aliambiwa kwamba maharagwe hulowekwa tangu usiku wa jana, kwa hiyo mtu wa maharagwe ni mtu wa kufikiri kesho, jambo ambalo wanaume wengi wa mtaa huu hawajawahi kulijaribu. Kwamba dengu haina makuu na haitaki kulowekwa, basi iwekwe Jumatatu, siku ambayo kila mtu amechoka. Kwamba viazi na mchicha hupendana, kwamba mayai na nyanya ni chakula cha jioni kabisa na si kifungua kinywa kilichochelewa, na kwamba kitunguu hukaangwa mpaka kiwe na rangi ya kahawia, si mpaka mpishi achoke kusubiri. Akauliza kama samaki ni nyama. Akaambiwa amuulize padri, ila kwa jinsi alivyowahubiria watu miaka yote hii, bora asijaribu. Akaandika yote nyuma ya ile karatasi. Akapewa na kabichi moja la kufanyia mazoezi, akalibeba dukani, akaliweka juu ya gogo na kulipasua kwa pigo moja la shoka. Kisha, kwa mazoea ya mkono, akatenga paja, akatenga ubavu, akatenga kidari, akasimama akitafuta mfupa.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni meza iliandaliwa. Maharagwe yalikuwa yamelala majini usiku kucha na kuchemka alasiri nzima, bucha ikiwa imefungwa mapema kwa mara ya kwanza tangu msiba. Palikuwa na wali, palikuwa na kabichi lenye vipande vikubwa kidogo. Karatasi ya ratiba ilibandikwa kwenye mlango wa friji, siku saba, hakuna siku mbili zinazofanana. Shangazi aliisoma kwanza, amesimama, akafuatisha kwa kidole. Kisha akaketi. Wakaanza kula, na Mpasua Mifupa akala kijiko cha kwanza, cha pili, akakunja uso.

"Si mabaya," akasema. "Lakini si kama ya mama yenu. Kuna kitu nimekosea. Ya kwake yalikuwa na nguvu fulani."

Binti mkubwa akamtazama Shangazi, akamtazama baba yake, akaweka kijiko chini.

"Mfupa, baba."

Akaambiwa, basi, mbele ya dada yake. Kwamba Kwaresima ya kwanza ya ndoa yao, ilipofika wiki ya tatu, aligombana na mzee wa kanisa, akagombana na wateja wawili, akagombana na bomba la maji. Tangu hapo mama alikuwa na sufuria ndogo ya pembeni, ya baba peke yake, yenye mfupa ulioletwa na baba mwenyewe kwa ajili ya mbwa wa jirani. Binti ndiye aliyekuwa akiiosha sufuria hiyo.

"Alisema dhambi moja ya sufuria ataiweza, ila hasira zako za siku arobaini haziwezi," akasema binti. "Na kila Pasaka alikwenda kuiungama yeye."

Hapa mwandishi wa historia angependa kuandika kwamba shujaa alinena maneno makuu. Hakunena. Miaka kumi na minane ya hotuba ilimpitia usoni, maini baada ya maini, mteja baada ya mteja, na shingo ikamwinama. Shangazi, ambaye angeweza kulimaliza jambo lote kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ilionekana ikipanda kooni kwake, aliimeza.

Ndipo binti mdogo, ambaye hakufuatilia habari za mifupa hata kidogo, akasukuma sahani yake katikati ya meza na kusema anataka tena, lakini asiwekewe kabichi. Mpasua Mifupa akasimama, akampakulia. Akajipakulia na yeye, maharagwe matupu, akayala yote hadi mchuzi wa mwisho.

Shangazi akaondoka saa moja unusu, peke yake. Alipofika mlangoni alisema chumvi ilikuwa ndogo.

Na iandikwe hivi, ili wanaokuja wasibabaishwe na hadithi za waliobomoa kuta na kuvua wafalme mataji: kwamba Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima hiyo, muuza nyama mmoja alifunga kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaosha sufuria, akaloweka dengu isiyohitaji kulowekwa, na watoto wake wote wawili wakalala nyumbani.