Marehemu Afike Mwenyewe

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, tena mara mbili kwa ajili ya waliokuwa wakipalilia: kuanzia sasa hakuna mwananchi wa Gatitu atakayehangaika tena na mambo ya ardhi, urithi wala biashara ndogo ndogo. Kitengo cha Majibu ya Maswali ya Kawaida kimefunguliwa. Maswali yasiyo ya kawaida yarudishwe nyumbani yakazoeleke kwanza.

Mkurugenzi wa Kitengo alikuwa Bwana Masinde, mtu wa Bungoma, mbali na huku, mwenye suti ya kijivu na imani kubwa katika muhuri. Asubuhi ya kwanza karani wake, Gladwell, alimletea swali la wenyeji: je, itoka ikipandwa, ni mpaka? Masinde hakuuliza itoka ni kitu gani. Mkurugenzi haulizi, huulizwa. Aliandika: "Ndiyo. Aliyeipanda amekubali mbele ya umma, na atakayeing'oa atashtakiwa." Akagonga muhuri, jibu likabandikwa mlangoni, naye akaagiza chai kama mtu aliyefanya kazi.

Chai ilitoka kwa Kabura, mjane aliyekuwa na hoteli ya mabati ubavuni mwa ofisi. Hoteli hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Leseni yake ilikuwa imekwisha, kwa hiyo aliingia na birika mkono mmoja na karatasi mkono wa pili.

"Mwenye ploti atie sahihi hapa," alisema Masinde.

"Ni bwanangu, Mwaniki. Alikufa, mkubwa. Maneno ya urithi iko kortini, bado tunangoja."

"Basi marehemu afike mwenyewe."

"Ati afike? Si tulimzika Wamagana!"

"Mama, kufa si kukataa. Ni kuchelewa tu." Alilisema kwa upole, maana semina ya huduma kwa wananchi ilikuwa imesisitiza upole. "Asipofika kufikia Ijumaa, hoteli inabomolewa. Hapo nitaegesha gari."

Hakuwa na gari, lakini mpango ni mpango. Kabura alitoka akiubamiza mlango, na Masinde akamwandika kuwa mwananchi aliyeridhika.

Ijumaa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya uzinduzi rasmi, na mgeni angetoka makao makuu. Masinde alimwamuru Moffat, mtunza bustani, apande maua ya kienyeji, kwa sababu Kitengo kinathamini mila. Moffat alishuka bondeni akarudi na kiroba cha mimea ya majani marefu.

"Bosi, hii kweli tunapanda hapa?"

"Ule upande wa mbali, kuanzia barabarani hadi nyuma kabisa. Mstari ulionyooka, wageni wauone."

"Ng'ambo ya ofisi? Si sasa ofisi itabaki upande wa Kabura?"

"Moffat, hilo si swali la kawaida."

Moffat akapanda, na kwa kweli mstari ulinyooka.

Siku ya uzinduzi wazee waliketi mbele, wakautazama mstari, wakanong'onezana. Mzee Mutahi, mkubwa wao, akasimama. "Nani amepanda hii?"

"Mimi!" alisema Masinde, kifua mbele.

"Kwa hiari yako?"

"Kwa moyo wangu wote, mzee."

Makofi yakalia. Mutahi akavua kofia akaomba: mvua inyeshe, ng'ombe wazae, na huu mpaka usimame vizazi na vizazi. Wote wakaitikia amina, na ya Masinde ilisikika hadi barabarani.

Mgeni rasmi, Bi Nyawira, mzaliwa wa Tetu hapo jirani, hakuitikia. Alimvuta Masinde kando. "Unajua umefanya nini? Hiyo ndiyo itoka, mmea wa mpaka. Umempa mjane ofisi ya serikali, na wazee wameiombea."

"Ing'olewe!"

Gladwell akakohoa, akanyoosha kidole mlangoni, penye lile jibu lenye muhuri.

"Basi pata ruhusa ya mwenye ploti," alisema Bi Nyawira, "ama Jumatatu unahamia Mwea ukajibu maswali ya mpunga."

Masinde hakula hata pilau ya wageni. Mchana huo huo aliandika jibu jipya: kwa leseni za biashara, sahihi ya mjane inatosha. Akagonga leseni ya Kabura, akampelekea mwenyewe kwa mikono miwili. Kabura akaikagua, akaitundika juu ya jiko.

"Na hapa pia, mama yangu," alisema Masinde akitoa karatasi ya pili. "Ruhusa ya ofisi kukaa. Ni sahihi tu."

Kabura alipangusa mikono kwa leso, akasoma taratibu. "Lakini hii si ya leseni. Hii ni ya ploti."

"Ni kitu kimoja, mama!"

"Hapana, mkubwa. Mimi nitavunjaje sheria yako? Lazima mwenyewe afike." Alimvutia kiti, akamwekea kikombe cha chai na mandazi mawili. "Keti ungoje. Mwaniki hajakataa. Amechelewa tu."