Suruali Zote za Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nipo katikati ya jiji! Katikati kabisa. Ukidondosha sindano kutoka roshani ya Shangazi itamwangukia mtu mwenye tai. (Sijajaribu. Nilichodondosha ni kifungo, na aliyeangukiwa hakuwa na tai.)

Shangazi ni fundi cherehani. Anapunguza suruali za watu wa maofisini. Chumba cha kazi kimoja, cha kulala kimoja, ghorofa ya nne. Amesema nitakaa kwa majaribio mpaka Jumapili. Nikifaa, kitanda cha dirishani ni changu na atanifundisha ufundi. Nisipofaa, baba anakuja kunichukua, nirudi mji wetu mdogo, ambako likipita gari jipya watu hutoka nje kulitazama.

Sirudi! Leo asubuhi nimemwona askari wa kike akisimamisha barabara nzima kwa kidole kimoja. Na mama mmoja akibadili viatu huku anatembea, akavaa virefu, asianguke. Watu wa hapa wamefinyangwa kwa udongo mwingine.

Tatizo moja tu. Wateja. Wanaongea. Halafu lazima upige magoti mbele yao uwapime.

Jumanne, 4 Machi

Lifti ni mbovu. Wateja hufika chini, wanaziangalia ngazi, wanahema kabla hata ya kupanda, kisha wanavuka barabara kwa fundi mwingine. Mtaa mzima unamwita Bwana Hapa-Hapa, kwa sababu duka lake liko chini na siku nzima anaita watu: "Njoo hapa hapa, mpendwa! Kwani unafanya mazoezi ya kupanda mlima?"

Leo aliniona roshani. Akamuuliza Shangazi kwa sauti kubwa iwapo amenunua sanamu. Mtaa ukacheka. Nilimjibu vikali sana. Moyoni.

Shangazi anasema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mtaka wateja sharti afungue mdomo. Kesho anasafiri. Binti yake amejifungua, anakwenda kumwona mjukuu, atarudi Ijumaa. Ameniachia funguo! Ameniusia nisikate kitu bila kupima, maana kitambaa kikishakatwa hakioti tena. Nikasema ndiyo, Shangazi.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni mali!

Jengo hili watu hununua mkate kwa kapu. Unalishusha kwa kamba kutoka roshani, muuza mkate anaweka, unavuta. Hakuna kuongea. Nimelitazama tangu nifike kama mtu anayetazama ndoa ya ndoto zake.

Basi leo nikashusha kapu la Shangazi na kipande cha boksi: SURUALI WEKA HUMU. USIPANDE NGAZI.

Mhasibu mwenye mwavuli alikuwa wa kwanza. Kisha mwanasheria. Kisha wakaja kama kumbikumbi! Bwana Hapa-Hapa alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni, kinywa wazi. Nimeonja asali maishani, lakini si kama ile.

Kupima ni rahisi mno. Mteja anasimama chini, ananyoosha kidole kwenye kifundo cha mguu. Mimi nainama kwenye ukingo, nafumba jicho moja, nakadiria. Jambo la ajabu: watu wa katikati ya jiji wana kila sifa, ila Mungu amewapunja miguu. Wote! Hata mwanasheria, ambaye kwa mbali nilidhani ni mrefu. Maskini, sijui alikuwa anafagia barabara kwa suruali zile tangu lini. Nimemkatia kwa ukarimu.

Alhamisi, 6 Machi

Zote zimeshonwa, zimepigwa pasi, zimeshuka. Wateja walipunga mkono, nami nikapunga. Huo ndio ustaarabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni ndiye mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nilitazama chini nikaona vifundo vya miguu. Vinatoka benki, vinaingia posta, vinavuka kwenye taa. Nikadhani ni mtindo mpya, nikaona fahari.

Halafu mwanasheria akapanda ngazi. Zote. Alifika akitweta, soksi zake za mistari ya manjano zikionekana mpaka kwenye muundi. Akasema amesimama mbele ya hakimu, na hakimu amemuuliza kama anatarajia mafuriko. Nilijificha nyuma ya cherehani. Akasema, binti, miguu yako naiona, na angalau wewe yako imefunikwa.

Wakaja na wengine. Sitaki kuandika.

Bwana Hapa-Hapa ametundika tangazo: TUNAREFUSHA. KARIBUNI NYOTE WA GHOROFA YA NNE. Shangazi aliporudi alikutana na tangazo kabla ya kukutana na mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alinipeleka roshani akaniuliza Bwana Hapa-Hapa ana urefu gani. Nikasema kama kigoda. Akanituma nikasimame karibu yake. Mlingoti! Nilimfika kwenye kiwiko. Bwana Hapa-Hapa akaniuliza kwa upole kama sanamu imetembea yenyewe au imesukumwa.

Shangazi akasema ukiwa juu, hata mfalme ni uyoga.

Kisha akanivisha futi shingoni akanituma ofisi hadi ofisi, niombe radhi na kupima kwa mikono. Ofisi zenyewe! Sakafu zinang'aa mpaka unajiona. Nusu ya radhi zangu niliiambia sakafu. Mwanasheria akaniambia nipaze sauti, hakuja ofisini kusikiliza kifaranga. Nikapaza. Akasema sasa anasikia, na kwamba haya yote yangechukua dakika mbili Jumatano.

Shangazi ameviunga upya vipande nilivyokata, na kila mshono ameufunika kwa ukanda wa kitambaa kilekile. Huwezi kujua! Nilikaa kumtazama mpaka chai ikapoa. Nataka mikono ile. Na nimeshafunga begi.

Jumapili, 9 Machi

Baba amefika. Begi mlangoni, mimi nyuma ya begi.

Shangazi akamwambia kaka yake kwamba mtoto huyu ana macho ya kuku. Nikashika mkanda wa begi. Lakini, akaendelea, amenipandishia ngazi zile watu ambao sijapata kuwaona humu ndani. Walikuja kugomba, wakaona kazi, wakaacha oda. Mwanasheria anataka suti nzima. Basi abaki. Ila aape hatapima tena binadamu kutoka juu.

Nimeapa! Mara mbili! Baba aliuliza kama nitaziweza kelele hizi. Kisha akatoka roshani "kupunga upepo kidogo," akasahau kurudi. Nilimkuta anamtazama yule askari wa kike, akimtikisia kichwa kwa heshima.

Jumanne, 11 Machi

Kitanda cha dirishani ni changu. Jiji limelala chini yangu kama nguo mpya.

Leo jioni Shangazi alikwenda kununua uzi, akaja mlinzi wa benki, akaita kutoka chini. Anataka suruali mpya. Hawezi kuacha lango lake kwa muda mrefu, basi nikashuka mwenyewe. Mimi! Na futi! Shangazi angelia kwa furaha.

Sasa yule mlinzi akanisalimia. Akatabasamu. Futi ikaniponyoka.

Nilipoinama kuiokota, nikaona kivuli chake. Kimejilaza lamini, kimetulia, hakina macho, hakisalimii mtu. Nikakipima kiunoni mpaka unyayo, taratibu, jua likizama mgongoni kwake. Kiapo sijakivunja. Sikupima kutoka juu, nilichuchumaa chini kabisa.

Miguu ile! Sijawahi kuona. Huyo ndiye mtu wa katikati ya jiji! Kitambaa cha kwanza hakikutosha, ikabidi nifungue jora jipya la Shangazi.

Nimeshakata.